Sandarusi ya Mrima na Mwanga Usioonekana

Mtu akitaja Bagamoyo mbele ya wanafunzi wa historia, mara hutajiwa pembe, watumwa, misafara ya wapagazi, mapadre waliojenga misheni mwaka 1868, na maiti ya Livingstone iliyofikishwa hapo Februari 1874. Yote hayo ni kweli, wala sina nia ya kuyapunguza. Lakini ipo bidhaa moja ambayo haikutoka Tabora wala Ujiji, haikungoja msafara wa miezi mitatu, bali ilichimbwa kwa jembe nyuma ya miji ya pwani yenyewe, kuanzia Saadani na kushuka kusini hata Kilwa. Bidhaa hiyo ni sandarusi. Katika vitabu vyetu hupewa mstari mmoja au miwili, kisha mwandishi huikimbilia pembe. Nimeichagua kwa makala hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni mali iliyokuwa mikononi mwa watu wa Mrima wenyewe. Pili, ni shahidi wa ajabu, maana hubeba habari zake ndani ya mwili wake, na katika siku zetu imepatikana njia ya kumhoji.

Nianze na neno, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha na si mkemia. Sandarusi si neno la asili ya Kibantu. Waarabu husema sandarus, na kabla yao Wayunani walikuwa na sandarake, ambalo kwao lilikuwa jina la madini mekundu yenye aseniki. Baadaye jina hilohilo likawekwa juu ya utomvu mkavu wa mti wa Afrika ya Kaskazini usio na udugu wowote na miti yetu, kisha likatua Mrima juu ya utomvu wa mti wetu. Jina moja, basi, limepita juu ya vitu vitatu mbalimbali. Mwanafunzi atakayekuta sandarus katika maandiko ya kale ya Kiarabu asiharakishe kusema kuwa bidhaa ya pwani yetu imetajwa. Yamkini ni yetu, yamkini si yetu, na neno peke yake halitoshi kumwamua. Hapa elimu ya maneno hufika ukingoni mwa mto na kukosa mtumbwi.

Wenyeji, hata hivyo, walikuwa na maneno mengine yaliyo na maana kali zaidi. Mti wenyewe waliuita msandarusi, na Wazaramo waliuita mnangu. Wataalamu wa mimea siku hizi huuita Hymenaea verrucosa. Utomvu ulio mbichi, uliokwanguliwa mtini au kuokotwa karibu na mizizi, uliitwa chakazi. Ule uliokomaa ardhini kwa muda mrefu ndio uliostahili jina la sandarusi. Wafanyabiashara wa kigeni waliopo Unguja walilisikia neno chakazi kwa masikio ya Kiingereza na kuligeuza kuwa jina la punda. Jina hilo la dhihaka likaingia katika vitabu vyao vya hesabu na likadumu humo miaka mingi. Nalitaja si kwa kuchekesha tu. Lilikuwa neno la ufundi, lililotenganisha hali mbili za kitu kimoja, nalo likafanywa mzaha na watu walioishi kwa faida ya utengano huohuo.

Kazi ya kuchimba ilifuata mvua. Ardhi ikiisha kulainika, wachimbaji walikwenda katika mchanga mwekundu, wakachimba vishimo vifupi, wakachekecha, wakahamia mahali pengine. Walijua jambo ambalo mgeni huliona kama kinyume: sandarusi iliyo bora ilipatikana aghalabu mahali ambapo hapana tena hata msandarusi mmoja. Msitu ulikuwa umekwisha kufa au kukatwa, utomvu wake ukabaki chini kama akiba ya marehemu. Waliyoyapata waliyapeleka Saadani, Bagamoyo, Mbwamaji na bandari nyingine za Mrima, wakawauzia wafanyabiashara, wengi wao Wahindi. Kutoka hapo ilivuka kwenda Unguja, ikachambuliwa na kuoshwa kwa maji ya magadi ili ukoko wa nje uondoke. Kisha ikasafirishwa: iliyo bora Ulaya na Marekani, na chakazi zaidi Bara Hindi.

Katika Salem, mji mdogo wa bandari huko Massachusetts, palijengwa kiwanda cha kusafishia sandarusi ya kwetu, na meli za Salem zilirudi pwani zikiwa na nguo. Nguo hizo ndizo tulizoziita merikani, na kwa hakika neno hilo ni stakabadhi ya biashara hiyo iliyobaki vinywani mwetu. Thamani ya bidhaa ilijulikana vema na watawala. Sayyid Said alipofanya mkataba na Uingereza mwaka 1839, vitu viwili vilitengwa ili wageni wasivinunue moja kwa moja katika pwani ya bara baina ya Tanga na Kilwa: pembe za ndovu na sandarusi. Mtu hafungi mlango kwa ajili ya kitu hafifu.

Nje ilitakiwa kwa vanishi. Sandarusi iliyokomaa ni ngumu kiasi kwamba haiyeyuki katika mafuta mpaka kwanza iyeyushwe kwa moto mkali wa nyuzi 300 hivi za Sentigredi, au zaidi. Ikiisha kuchanganywa na mafuta ya kitani na kupakwa juu ya mbao za gari la farasi au meza ya mtu tajiri, hukauka na kuwa ngozi angavu isiyokwaruzika upesi. Utomvu mlaini haukuweza kutoa ngozi ya namna hiyo. Kwa hiyo tofauti baina ya chakazi na sandarusi haikuwa ya majina tu. Ilikuwa tofauti ya bei katika London na Hamburg, na aliyeweza kuijua kwa kushika, kunusa na kuuma alikuwa na elimu yenye thamani.

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 2007 juu ya biashara hii, ameonyesha jinsi sandarusi ilivyowawezesha watu wa nyuma ya pwani kujipatia nguo na mahitaji mengine kwa hiari yao, na jinsi utawala wa Wajerumani ulivyoukaza msitu kwa sheria za hifadhi kabla ya Vita vya Maji Maji vya 1905. Nakubaliana naye katika shina la hoja hiyo. Tumezoea kumweka Mzaramo wa karne ya 19 katika picha ya mtu aliyetazama misafara ya wengine ikipita. Ukimweka katika shimo la sandarusi, picha hubadilika: ni mzalishaji, tena anachagua msimu wake na mnunuzi wake.

Sasa nije kwenye ubishi. Katika Ulaya ya wakati huo palikuwa na waliodhani kwamba mti uliozaa sandarusi ya ardhini ulikuwa umekwisha kutoweka duniani. Richard Burton, aliyefika Kaole Juni 1857 pamoja na Speke kwa safari ya kutafuta maziwa, aliandika kinyume chake: mti bado ulikuwapo, kisiwani na barani, na Saadani ni miongoni mwa mahali alipoutaja. Aliyaandika pia majina ya msandarusi, mnangu na chakazi. Burton hakuwa mtu wa kuwasifu wenyeji, na msomaji wa vitabu vyake hukutana na matusi mengi. Lakini katika jambo hili aliandika yaleyale yaliyojulikana kwa watu waliomzunguka. Baada yake John Kirk, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyekuwa katika ubalozi wa Uingereza huko Unguja, alizitofautisha hali tatu: utomvu wa mtini, ule unaopatikana chini ya miti iliyo hai, na ule wa mahali palipokwisha kuwa patupu. Alichunguza wadudu, majani na maua yaliyonaswa ndani yake, akasema kuwa mti wa zamani na mti wa leo ni mmoja. Ulaya ilikubali. Ushahidi wa mchimbaji haukutosha, ukatosha ushahidi wa ua lililokauka ndani ya kipande.

Palikuwa pia na ubishi mdogo juu ya vipele. Kipande cha sandarusi iliyokomaa, kikiisha kuoshwa, huwa na vipele vidogo vidogo mithili ya ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa. Wengine walidhani ni alama za mchanga uliokandamiza utomvu ulipokuwa laini. Lakini fikiri kidogo: vipele havionekani kabla ya kuosha, huonekana ukoko wa nje ukiondolewa. Mchanga uliogusa ukoko hauwezi kutia alama chini ya ukoko. Ni ngozi iliyojitengeneza yenyewe kwa kuzeeka, hewa ikiingia taratibu na kuibadili sandarusi kutoka nje kwenda ndani.

Mwaka huohuo wa 1857, miezi michache kabla Burton hajashuka Kaole, Michael Faraday alisimama mbele ya wanachuoni wa London akasoma hotuba juu ya dhahabu na mwanga. Alikuwa ameigawanya dhahabu katika maji kuwa chembe ndogo zisizoonekana hata kwa darubini ya siku zile, na maji yakawa mekundu kama yakuti. Aliona pia kwamba chembe hizo hazitulii: ukitia chumvi hubadili rangi na kukusanyika, ila zikipata kitu cha kuzifunika. Dhahabu ya Faraday na sandarusi ya Kaole hazikukutana. Nazitaja pamoja kwa sababu swali lao, kama tutakavyoona, ni moja: ngozi nyembamba iliyozunguka kitu imefanywa kwa nini, na imekishika kitu hicho namna gani?

Chombo cha kujibu swali hilo kilianzia kwa William Herschel mwaka 1800. Alipasua mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto katika kila rangi, kisha akakiweka kando ya rangi nyekundu mahali pasipo na rangi yoyote. Kipimajoto kilipanda zaidi. Ulikuwapo mwanga usioonekana, ambao siku hizi tunauita infraredi. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1905, Mmarekani William Coblentz alichapisha vipimo vya vitu vingi vilivyopimwa kwa mwanga huo, na hapo ikadhihirika kuwa kila aina ya kifungo baina ya atomi humeza sehemu yake maalumu.

Kanuni yake si ngumu. Atomi mbili zilizoshikana ni kama mipira miwili iliyounganishwa kwa kamani. Hutikisika kwa mwendo wao wenyewe, na mwendo huo hutegemea uzito wa mipira na ugumu wa kamani. Mwanga wa infraredi ukipita, kamani ile ambayo mwendo wake unalingana na mwanga huumeza kiasi, na katika mchoro hutokea bonde. Wakemia huhesabu mahali pa bonde kwa idadi ya mawimbi yanayokaa katika sentimita moja. Kaboni na haidrojeni katika minyororo mirefu ya mafuta humeza karibu na 2,920 na 2,850. Kaboni na oksijeni zilizoshikana kwa kifungo maradufu, kama zilivyo katika asidi ya utomvu, humeza karibu na 1,700. Ni kama kusikiliza ngoma gizani: huzioni, lakini sikio lililozoea hujua ipi ni chapuo na ipi ni msondo.

Katika mwaka 1964 Curt Beck na wenzake wa chuo cha Vassar, New York, walichapisha habari iliyoingiza mwanga huu katika elimu ya mambo ya kale. Walitaka kujua kama kaharabu iliyofukuliwa katika makaburi ya kale ya Ulaya ilitoka Bahari ya Baltiki au kwingineko. Wakaona kuwa kaharabu ya Baltiki ina umbo kama bega lililoshuka, baina ya 1,250 na 1,180, ambalo tomvu nyingine hazina. Jambo hili liliigusa sandarusi pia, kwa kuwa imepata kuuzwa mara nyingi kwa jina la kaharabu, ikiwa na mdudu mzuri ndani. Sandarusi haina bega lile, na mnunuzi mwenye chombo hadanganyiki.

Lakini lililonivuta mimi zaidi ni chakazi. Utomvu wa miti ya jamii hii una asidi ambazo molekuli zake zina kifungo maradufu kilichokaa pembeni, nje ya mduara wa kaboni. Kifungo hicho huacha alama tatu katika mchoro: karibu na 3,080, karibu na 1,643, na bonde kali karibu na 888. Utomvu ukiwa mpya, bonde la 888 ni kubwa. Kadiri unavyokaa, molekuli hufungamana na hewa huingia, vifungo hivyo hupungua, na bonde hupungua nalo. Yaani hatua ile iliyoitwa kukomaa na watu wa Mrima, ambayo kwayo chakazi hugeuka kuwa sandarusi, inaonekana katika karatasi kama bonde linalojaa polepole. Mchimbaji aliyeuma kipande na kusema hiki bado, alikuwa akipima kwa jino kitu kilekile kinachopimwa kwa mwanga. Sisemi kuwa vipimo hivyo ni sawa kwa usahihi. Nasema vinahusu jambo moja, na kwamba neno chakazi lilistahili heshima lisiyoipata.

Mwanga huu una mipaka, na ni vizuri tuitaje kabla ya kushangilia. Unaweza kusema kwamba utomvu huu ni wa jamii ya sandarusi wala si wa jamii ya ubani au manemane. Lakini kuutaja mti wenyewe kwa jina, hasa kipande kikiwa kimeungua au kimechanganyika na uchafu, ni kazi inayohitaji njia nyingine, kama kuzitenganisha molekuli moja moja na kuzipima uzito. Ndivyo ilivyofanywa kwa kitu kilichofukuliwa Unguja Ukuu, bandari ya kale upande wa kusini wa kisiwa. Katika chombo cha madini ya shaba walikuta mabaki ya utomvu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalisema kuwa ni sandarusi yetu, ya mti wetu, katika karne ya 7 au ya 8. Chombo kilikuwa, kwa maneno ya nyumbani, chetezo.

Tulitazame jambo hili kwa makini. Habari zilizoandikwa juu ya sandarusi ya Mrima zimejaa katika karne ya 19, kwa kuwa ndipo mabalozi walipokuja na kalamu. Periplo ya Kiyunani ya karne ya kwanza, ikiorodhesha mali ya Rhapta, inataja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa, na utomvu haimo. Mtu angeweza kudhani kwamba sandarusi ilipata maana hapo tu Salem ilipoitaka. Chetezo cha Unguja Ukuu kinalivunja dhana hilo. Miaka zaidi ya 1,000 kabla ya mkataba wa Sayyid Said, watu wa pwani walikuwa wakiuchoma utomvu huu kwa ajili ya harufu yake, katika chombo kizuri, nyumbani kwao. Haikuwa bidhaa ya nje ikingoja mnunuzi.

Na hapa ndipo swali la Faraday linaporudi. Utomvu uliokaa juu ya shaba kwa karne nyingi haukai kama mgeni juu ya kiti. Asidi za utomvu zikikutana na shaba zinaweza kuungana nayo na kufanya namna ya sabuni ya madini, kijani kibichi, na wachoraji wa Ulaya wa zamani waliitengeneza kwa makusudi ili kupata rangi hiyo. Mwanga wa infraredi huuona muungano huo: bonde la 1,700 la asidi iliyo huru hupungua, na badala yake huinuka mengine mawili, moja kati ya 1,500 na 1,600, na jingine karibu na 1,400. Ni dalili kwamba ngozi haikupakwa tu, imeshikana na mwili.

Dalili hiyohiyo ndiyo wanayoitafuta wakemia wa leo wanaotengeneza chembe za madini zenye upana wa nanomita chache, yaani sehemu chache tu za bilioni ya mita. Chembe hizo, kama dhahabu ya Faraday, zikiachwa uchi hukusanyika na kuharibika. Huvikwa molekuli zenye tabia ya sabuni, kichwa kikishika madini na mkia wa mafuta ukielekea nje. Kwa infraredi huulizwa mambo mawili: je, kichwa kimeshika kweli? Na je, mikia imesimama sawasawa kama mabua shambani, au imelala ovyo? Jibu la swali la pili liko katika mabonde yale ya 2,920 na 2,850, ambayo husogea kidogo, pengine kwa hesabu 5 au 6 tu, mikia ikilegea. Mwaka 1994 Brust, Schiffrin na wenzao walionyesha njia nyepesi ya kuivika dhahabu ngozi ya namna hiyo, na tangu hapo kazi hiyo imeenea duniani. Sidai kwamba sandarusi ndiyo mama wa elimu hii. Nadai tu kwamba mwanafunzi wa kemia anayetafuta mfano wa ngozi ya kikaboni juu ya madini anaweza kuupata chetezoni.

Biashara yenyewe ilififia bila kishindo. Utomvu wa bei nafuu ulitoka New Zealand na kwingineko, kisha karne ya 20 ikaleta vanishi za viwandani zisizohitaji mti. Msandarusi haukufa, nao ungali unapatikana katika mabaki ya misitu ya pwani. Kuhusu umri wa sandarusi ya ardhini, vipimo vya kaboni vimewapunguzia kiburi waliodhani ni ya mamilioni ya miaka: aghalabu ni ya mamia, au maelfu machache. Yaani baadhi ya misitu iliyoutoa utomvu ule yamkini ilikuwa imesimama wakati watu walipokuwa wakisali katika msikiti wa kale wa Kaole. Mwaka 2020 wataalamu wa wadudu wa kale walipendekeza utomvu wa baada ya 1760 upewe jina lake mbali, kwa kuwa unahifadhi wadudu wa misitu ambayo binadamu ameifyeka.

Vipande vya sandarusi ya karne ya 19 vimehifadhiwa katika bustani ya Kew, London, mahali Kirk alipokuwa akipeleka mimea ya kwetu. Katika biashara, bidhaa hiyo ilijulikana kwa jina la Zanzibar, kwa kuwa huko ndiko ilikopakiwa melini. Infraredi inaweza kutuambia ni utomvu wa jamii gani na umekomaa kiasi gani. Kama ulichimbwa Saadani, au nyuma ya Bagamoyo, au katika shimo la Mzaramo wa Mbwamaji, haitwambii, na walioijaza karatasi ya shehena hawakuuliza.